Usiulize Waya Unauzwaje, Uliza Unabeba Nini

Habari za jioni, ndugu zangu. Shikamooni wakubwa. Nimefurahi kuwaona vijana mnaosomea elektroniki mmekaa mbele na madaftari, na nimefurahi zaidi kuwaona mama zangu na wazee ambao hawakuja kujifunza ufundi. Wamekuja kwa sababu wana TV na spika nyumbani na hawataki kuliwa pesa zao. Mazungumzo haya ni yenu hasa.

Naanza na kisa. Siku tatu kabla ya Idi, mama mmoja wa Tanga alinipigia simu. Alikuwa amenunua saundiba mpya, ile spika ndefu ya kuweka chini ya TV, yenye spika nyingine zinazoelekea darini, na boksi lake limeandikwa Dolby Atmos, yaani mfumo wa sauti unaosikika hata kutoka juu. Dukani walimwambia waya uliomo kwenye boksi ni wa kawaida tu, wakamuuzia waya wa optiko, unaopitisha sauti kwa mwanga, mnene, umefumwa nyuzi nyeusi na nyekundu, ncha zake za rangi ya dhahabu. Bei yake ilikaribia robo ya bei ya saundiba yenyewe. Akachomeka, sauti ikatoka, lakini zile spika za juu kimya. Akaamini kauziwa kitu kibovu. Nilipofika niliuchomoa ule waya wa gharama, nikachukua waya wa HDMI, unaobeba picha na sauti, uliokuwa bado na plastiki yake ndani ya boksi, nikauchomeka kwenye tundu la TV lililoandikwa ARC, nikaingia kwenye mipangilio. Mvua ya kwenye filamu ikaanza kunyesha kutoka darini. Mama yule hakushangilia. Alikaa kimya akiutazama ule waya pale mezani. Pesa ile alikuwa ameitenga kwa nguo za Idi za wajukuu.

Ndiyo sababu nimekubali kusimama hapa. Waya ule haukuwa mbovu, ulikuwa mzima kabisa. Ulitwishwa mzigo ambao njia yake haiubebi, na hakuna rangi ya dhahabu inayoweza kulibadili hilo.

Tuandike ubaoni kidogo. Sauti ikishakuwa ya dijitali, kinachosafiri ndani ya waya ni namba. Chukueni CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982. Kila sekunde sauti inapimwa mara 44,100, kila kipimo kinaandikwa kwa biti 16, biti moja ikiwa ni moja au sifuri, na kuna chaneli mbili, ya kushoto na ya kulia. Zidisheni mpate biti 1,411,200 kwa sekunde. Sony na Philips, waliotuletea hiyo CD, ndio pia waliopanga utaratibu wa kuzitoa namba hizo kwenye chombo kimoja na kuzipeleka kingine. Herufi za majina yao zimo ndani ya jina S/PDIF mnaloliona nyuma ya TV na ving'amuzi. Utaratibu huo una njia mbili. Unaweza kupita kama umeme kwenye waya wa koaksia wenye pini moja ya RCA, au kama mwanga mwekundu kwenye waya wa optiko. Jina jingine la optiko ni Toslink, nalo linatokana na Toshiba, walioitoa mwaka 1983.

Hapo naomba tusimame kidogo, maana wengi hupotea hapa. Koaksia na optiko zinabeba mzigo uleule. Mtu akikwambia optiko ina sauti safi zaidi kwa sababu ni mwanga, mwulize safi kuliko nini, maana namba zilizoingia ndizo zilizotoka upande wa pili. Na utaratibu wenyewe ulipimwa kwa chaneli mbili. Filamu za DVD zilipokuja na sauti ya 5.1, yaani chaneli sita, hazikuenea humo zilivyo, ikabidi zibanwe. Dolby Digital kwenye DVD hubanwa hadi biti 448,000 kwa sekunde, haifiki hata theluthi ya zile za CD, kisha amplifaya inazifungua. DTS, mfumo mwingine wa sauti za filamu, nayo hupita kwa kubanwa. Lakini Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio za diski za Blu-ray, ambazo mzigo wake ni mkubwa zaidi, hazipiti. Na Dolby Digital Plus, ambayo ndiyo huduma za filamu za mtandaoni huitumia kutuletea Atmos, haipiti pia. Bodaboda hata uipambe vipi, kabati la milango mitatu haibebi. Mama yetu wa Tanga aliuziwa bodaboda iliyopambwa.

Sasa HDMI. Ilitoka mwishoni mwa 2002, lakini kwa habari yetu ya leo mwaka wa kukumbuka ni 2009, toleo la 1.4 lilipoleta ARC. Maana yake ni kwamba waya uleule unaopeleka picha kwenye TV unaweza kurudisha sauti kutoka kwenye TV hadi kwenye amplifaya au saundiba. ARC inabeba Dolby Digital Plus, na Atmos ya mtandaoni ikiwa ndani yake. Kisha 2017, pamoja na toleo la 2.1, ikaja eARC. Vijana, pigeni hesabu hii wenyewe: chaneli 8, kila kipimo biti 24, vipimo 192,000 kwa sekunde. Mmepata ngapi? Naam, biti 36,864,000 kwa sekunde. Mkisoma mahali kwamba eARC ni megabiti 37, yaani biti milioni 37, mjue hizo ndizo zenyewe: chaneli nane kamili, hazijabanwa hata kidogo.

Kwa hiyo mtu akiniletea swali la waya, kwanza namwomba anipigie picha mbili: nyuma ya TV na nyuma ya saundiba. Kama pande zote mbili pana tundu la HDMI lenye neno ARC au eARC, mjadala umeisha, tumia HDMI. Kwa kawaida ni tundu moja tu kati ya yote, kwa hiyo msichomeke popote. Halafu kwenye mipangilio washeni ule mfumo wa vyombo kuelewana. Samsung wanauita Anynet+, LG wanauita SimpLink, Sony wanauita Bravia Sync. Nimeshaitwa nyumba nyingi ambako waya ni sahihi na tundu ni sahihi, ila mfumo huo umezimwa. Na kama amplifaya yako ni ya zamani haina HDMI, usiitupe. Optiko au koaksia itakupa 5.1 nzuri sana.

Kuhusu maandishi kwenye boksi la HDMI nitapita haraka. Neno Ultra High Speed ni la nyaya zilizopimwa kwa gigabiti 48 kwa sekunde, na lebo yake halisi ina alama ya kuskani kwa simu. Huo ununueni kama picha yenu inauhitaji, mathalani michezo ya 4K kwa fremu 120 kwa sekunde. Kwa kurudisha sauti peke yake kutoka TV kwenda saundiba, hata eARC, waya wa High Speed wenye neno Ethernet unatosha.

Kijana wa pale nyuma, uliza kwa sauti wote wasikie. Anasema: mbona mafundi wengine wanadai waya wa bei kubwa unatoa besi nzito?

Ahsante sana, hilo ndilo swali la jioni hii. Mdogo wangu, tofautisha nyaya mbili. Waya unaotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika unabeba umeme wa sauti yenyewe, analogi. Ukiwa mwembamba na mrefu, sehemu ya nguvu inapotelea njiani, kwa hiyo unene wake una maana. Lakini kwenye waya wa dijitali chombo kinachopokea kinaamua jambo moja tu, hii ni moja au ni sifuri. Waya ukianza kuchoka hautakupunguzia besi. Utasikia mlio wa tak-tak, au sauti ikatike na kurudi, au kimya kabisa. Ukisikia sauti imetulia haikatiki, namba zimefika, na waya wa mara kumi ya bei hiyo hauna namba nyingine ya kukuletea. Muuzaji atakwambia rahisi ni ghali. Ni kweli kwa nondo na saruji. Ukitaka besi, sogeza sabufa karibu na kona ya chumba usikilize tena. Hiyo ni bure.

Siyo kwamba nyaya zote ni sawa, lakini. Sisi watu wa pwani tunajua chumvi inavyofanya kazi. Fungua pini ya RCA iliyokaa miaka mitatu Tanga au Zanzibar, utaikuta ina ukungu wa kijani. Dhahabu haipati kutu, kwa hiyo pini ya koaksia au HDMI iliyopakwa dhahabu ina faida ya kweli kwetu. Kwenye optiko je? Mwanga unapita katikati ya plastiki, ile dhahabu inakaa pembeni na haiugusi. Hapo umelipia rangi.

Optiko ina heshima yake mahali pamoja nisipopataja nitakuwa sijawatendea haki. Mkisikia spika zinavuma mmm, mvumo mzito wa umeme wetu wa hezi 50, mara nyingi ni kwa sababu TV imeshikana na ardhi kupitia waya wa dishi, amplifaya imeshikana na ardhi kupitia soketi ya ukutani, na waya mnaochomeka katikati yake unaziunganisha ardhi hizo mbili. Plastiki haipitishi umeme. Weka optiko na njia hiyo inakatika. Lakini usiikunje kwenye kona kama unavyokunja waya wa pasi, usiipitishe chini ya mlango, na kwa umbali wa zaidi ya mita tano anza kuiangalia kwa makini. Tena panya wanaipenda.

Na sasa njooni karibu, mama zangu mkae viti vya mbele hivi. Huu mkononi mwangu ni waya wa kamera za ulinzi, mnaukuta Kariakoo kwa mita. Soma mgongoni mwake: RG59, ndiyo aina ya waya, na omu 75, ndicho kipimo cha ukinzani wake. Koaksia ya sauti ya dijitali inataka omu 75, ndiyo hiyohiyo. Nakata mita mbili. Naichuna ngozi ya nje, mnaona nyuzi zilizosukwa hizi, nazikusanya pembeni. Ndani kuna plastiki nyeupe, ndani zaidi waya mmoja wa katikati. Ule wa katikati nauunga kwa risasi ya kulehemu kwenye ncha ya pini, zile nyuzi za nje naziunga kwenye ganda. Hakikisheni hakuna hata unywele mmoja wa nyuzi unaogusa waya wa katikati. Hapo ndipo wanafunzi wangu wote hukosea mara ya kwanza. Upande wa pili vilevile. Na aliye nyumbani bila vifaa hivi, ule waya wa RCA wa njano, wa picha, uliokuja na deki yako ya DVD, nao umetengenezwa kwa omu 75. Uutumie.

Nachomeka. Kwenye TV naenda kwenye sauti, kutoa dijitali, nachagua Auto. Kama mtapata kimya kwa filamu fulani tu na nyingine zinalia, huenda filamu hiyo ina DTS na spika zenu haziifungui. Rudisheni kwenye PCM, yaani sauti isiyobanwa, mtapata chaneli mbili lakini mtasikia.

Inalia. Sikilizeni.

Sasa huu wa optiko nimeuleta mpya, haujafunguliwa. Bibi, ushike wewe. Tazama kwenye ncha, unaona kikofia kidogo cha plastiki? Kivue, na cha upande wa pili pia. Miaka yangu ya kazi nimelipwa nauli mara nyingi kwenda kuvua vikofia hivi. Chomeka upande mmoja kwenye TV, mpaka usikie kak. Ncha nyingine ielekezee kwenye kiganja chako, usiielekeze jichoni.

Unaona nukta nyekundu? Basi mpe na jirani yako aione.