Boston, 5 Machi 1770: Mchoro wa Revere Mbele ya Ushahidi

ZUHURA: Karibuni. Leo tuko Boston, mji wa koloni la Uingereza huko Amerika, usiku wa tarehe 5 Machi 1770, askari walipowafyatulia raia risasi na kuua watano. Wanajeshi wa Uingereza wapo mjini tangu Oktoba 1768 kuwalinda maofisa wa forodha, ambao watu waliwachukia kwa sababu ya kodi. Kaka Bakari, wengi wanaujua usiku huo kupitia mchoro wa Paul Revere tu, mfua fedha na mchoraji wa mjini humo.

BAKARI: Kwa hiyo tuanze na tukio lenyewe. Mwanagenzi wa fundi wa nywele za bandia alimpigia ofisa kelele kuhusu deni. Hugh White, askari wa zamu mbele ya jengo la forodha, akampiga kwa bunduki. Watu wakajaa. Kengele zikagongwa, na kengele za usiku zilimaanisha moto, hivyo wengine walitoka wakidhani wanakwenda kuzima nyumba. Kapteni Thomas Preston akaja na askari saba kumwokoa White.

ZUHURA: Siku tatu kabla, askari wa kikosi cha 29, kile cha White na Preston, walipigana kwa marungu na wasokota kamba. Samuel Gray, aliyeuawa, na Matthew Kilroy, askari aliyeshtakiwa, wote walikuwamo kwenye ugomvi ule. Mchoro hauna nafasi ya jambo kama hilo.

BAKARI: Hauna kabisa. Vikarushwa vipande vya barafu na vijiti. Hugh Montgomery akapigwa, akaanguka, akainuka akafyatua. Ukapita muda mfupi, ndipo wenzake nao wakafyatua, kila mmoja kwa wakati wake. Crispus Attucks, Gray na James Caldwell walikufa palepale. Samuel Maverick, kijana wa miaka 17, alikufa asubuhi yake, na Patrick Carr tarehe 14.

ZUHURA: Sasa tuuangalie mchoro. Kulia, askari wamejipanga mstari ulionyooka, wote wanafyatua kwa pamoja. Nyuma yao Preston ameinua upanga kama anayetoa amri.

BAKARI: Hapo ndipo penye uzito wa kisheria. Ikiwa aliamuru, basi ni muuaji. Lakini mashahidi walimweka mbele ya askari wake, na yeye mwenyewe alijitetea kwamba asingeamuru risasi zipigwe naye amesimama mbele ya mitutu. Halafu tazama umati: hakuna mwenye rungu. Theluji haipo. Jengo la forodha limebandikwa jina la bucha, na moshi wa bunduki unatoka dirishani.

ZUHURA: Madai kwamba risasi zilipigwa pia kutoka dirishani yalifika mahakamani. Raia wanne walishtakiwa, wakaachiwa, na shahidi mkuu akatiwa hatiani kwa kusema uongo.

BAKARI: Nao mchoro ulitoka haraka mno. Kuchora kwenye bamba la shaba ni kazi ya taratibu: unakata mistari kinyumenyume, unapaka wino, unafuta juu ili ubaki mifereji tu, kisha unalikandamiza bamba kwenye karatasi yenye unyevu. Revere aliokoa muda kwa kunakili kazi ya mchoraji mwingine wa Boston, Henry Pelham. Pelham alimwandikia tarehe 29 Machi, akilalamika kama mtu aliyeporwa.

ZUHURA: Mwezi huohuo picha ilikuwa inauzwa. Kesi ya Preston ilianza Oktoba, ya askari Novemba.

BAKARI: Wakili Josiah Quincy, aliyewatetea askari pamoja na John Adams, ilibidi awaonye wanajuri kuhusu picha zilizotundikwa majumbani. Preston aliachiwa, askari sita pia. Montgomery na Kilroy walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, wakapigwa chapa ya moto kwenye dole gumba.

ZUHURA: Na Attucks, dada na kaka wasikilizaji, alikuwa mtu wa asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Marekani. Kwenye picha ya Revere, jina lake limeandikwa chini pamoja na wengine, lakini kumtambua kwenye umati ni shida.

BAKARI: Ni picha iliyochapwa mwaka 1856, wakati wa vita vya hoja dhidi ya utumwa, iliyomweka katikati kabisa ya picha.