Sindano mbili

Assalaamu alaykum, mafundi wenzangu, na nyinyi akina mama mliotoka shamba asubuhi kuja kusikiliza. Nimeombwa nizungumze juu ya kufanya kazi na huku unaumwa. Mimi si daktari, ni fundi wa kanzu hapa mjini Unguja. Kisukari ninacho tangu 1998. Nilianza na vidonge, na tangu 2007 najidunga insulini, dawa inayoshusha sukari ya damu.

Kwenye meza yangu pana sindano mbili, ya cherehani na ya dawa. Miaka miwili ya mwanzo ile ya dawa niliificha kwenye mkebe wa vifungo, chini kabisa, na kujidunga nikijidungia chooni. Nilikuwa na sababu zangu. Fundi akijulikana mgonjwa, wateja wanahama. Na tajiri wa duka anakupunguzia kazi, mwenyewe anasema ni huruma. Sisi tunalipwa kwa kanzu, si kwa mwezi, kwa hiyo huruma ya namna hiyo inakulaza na njaa.

Ikafika Ramadhani ya 2009. Mnajua kumi la mwisho kwa fundi lilivyo. Kanzu za watoto zimerundikana hadi dirishani na kila mzazi anataka ya kwake kabla ya Sikukuu. Daktari alikwishaniambia nisifunge. Na aya naijua, Suratul Baqara, ya 184, mgonjwa ameruhusiwa. Lakini kuijua aya ni jambo moja, na kula mbele ya mafundi sita waliofunga ni jambo jengine. Niliogopa kuambiwa nakula kobe. Nikala daku, nikajidunga kama kawaida, nikanuia.

Baada ya Alasiri jasho la baridi likaanza kunitoka, na mikono ikawa inatetemeka. Nikadhani ni joto la pasi. Mbele yangu palikuwa na kanzu ya bwana harusi, kitambaa cheupe alicholetewa kutoka Maskati, imebaki kupunguzwa shingo tu. Nikashika mkasi. Ulipasua kifua kutoka shingoni hadi karibu na tumbo, na mimi nautazama unavyokwenda, kama ni mkono wa mtu mwengine. Halafu nikakaa chini sakafuni, maneno hayatoki.

Mwanagenzi wangu akanimwagia maji usoni, akaanza kunisomea. Maskini, angejuaje? Nilimficha. Aliyeniokoa ni bi mkubwa wa duka la jirani, ambaye marehemu mumewe alikuwa na maradhi haya haya. Alisikia kelele, akaingia, akaniangalia mara moja, akasema: "Mleteeni maji ya sukari, upesi!" Nikanyweshwa pale pale. Baada ya robo saa nikaweza kutaja jina langu.

Kitambaa kile nililipa. Wahenga wamesema mficha maradhi kilio kitamfichua, na mimi ulinifichua mkasi.

Baada ya Sikukuu niliwaita mafundi wote, nikautoa mkebe, nikaufungua mbele yao. Niliyowaonesha siku ile ndiyo ninayotaka myachukue leo. Kipimo cha mmol/L kikionesha chini ya 4, sukari imeshuka, na hiyo haingoji umalize mshono. Vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena. Ikipanda, ale chakula, maana sukari ile haikai. Mtu akiwa amezimia kabisa usimtie kitu mdomoni, atapaliwa, mkimbizeni hospitali. Na sisi tunaojidunga, saa ya kula inapangwa na dawa. Kazi haina sauti hapo. Na hili nalisema khasa kwenu matajiri wa maduka: dakika kumi za kula andazi na chai ni rahisi kuliko kanzu ya harusi.

Kuhama wateja? Wapo waliohama. Wawili watatu. Waliobaki wakawa wananiuliza kwanza, "Umeshakula, fundi?"

Miezi mitatu baadaye umeme ukakatika. Wakubwa hapa mnakumbuka, Disemba 2009 hadi Machi 2010, njia ya umeme inayotoka Bara chini ya bahari iliharibika na Unguja yote ikawa kiza. Cherehani za umeme zikanyamaza, ila za wenye jenereta. Ya kwangu ilikuwa ya miguu, kazi ikamiminika. Lakini insulini nitaiweka wapi, na kaskazi ile, joto lile?

Kuna waliozika chupa zao kwenye barafu. Msifanye hivyo. Insulini ikiganda, imekufa, hata ukiiyeyusha. Mke wangu alichukua chungu kidogo akakitia ndani ya chungu kikubwa, katikati akajaza mchanga, akaurowesha, juu akafunika kitambaa kibichi. Chupa ikakaa ndani kwenye mfuko wa nailoni. Maji yanapopenya udongo na kukauka huondoka na joto. Kwetu pwani hewa ina unyevu, kwa hiyo usitarajie baridi ya friji; unachopata ni ubaridi wa mtungi wa maji ya kunywa. Chupa iliyofunguliwa huweza kukaa wiki nne hivi bila friji, mradi joto lisipite nyuzi 30. Kwa hiyo nikawa nachukua chupa moja moja, siweki akiba, na kila asubuhi kabla ya kufungua duka narowesha mchanga. Hadi leo chungu kile ninacho.

Umeme uliporudi nikajua kwamba miguu imeharibika. Nilivua makubadhi usiku, mke wangu akaona pini imezama kisiginoni hadi kichwa chake. Huenda nilikuwa nayo tangu asubuhi, nakanyaga cherehani nayo. Sikuhisi hata kidogo. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaua mishipa ya fahamu, na ganzi huanzia miguuni. Duka la fundi limejaa pini sakafuni. Tangu siku ile navaa viatu vya kufunika, na kila usiku naangalia nyayo kwa kioo. Macho nayo nakwenda kupimwa kila mwaka hata kama uzi bado nautunga mwenyewe, kwa sababu ndani ya jicho madhara huanza kabla hujaona tofauti yoyote.

Sasa naona ni saa nne na nusu, wakati wangu wa kupima. Zamani ningeomba ruhusa nikatoka nje. Bi mkubwa hapo mbele, nisogezee huo mkebe wa vifungo. Na mwenye kipimo chake, akitoe, tupime pamoja.