Mwalimu na Gobore: Maneno ya Kumkumbuka Rafiki

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu, jamaa na marafiki, habari za jioni.

Nimeombwa nimzungumzie Mwalimu. Nitamwita hivyo hivyo, maana hapa Iringa hakuna aliyemwita vingine. Wengi wenu mlisoma makala zake za silaha za kale, na wengine mlifundishwa naye darasani. Mimi nilianza naye kwa ugomvi.

Nilikuwa askari wa wanyamapori. Yeye alikuwa ameshastaafu. Siku moja akaandika kwamba gobore, ile bunduki ya kienyeji inayojaziwa kwa mdomo wa mtutu, humpata mtu aliye hatua mia mbili. Niliposoma nikakasirika, nikamwandikia barua ya ukurasa mmoja: Mwalimu, hicho chombo umewahi kukishika? Haikupita wiki mbili nikasikia hodi. Kakaa kwenye basi kutwa nzima, kofia mkononi, daftari limefungwa kwa mpira wa tairi. Akasema, "Nimekuja unifundishe." Mtu aliyenizidi miaka kumi na minane! Sikujua nitazame wapi.

Tukaenda Kilolo kwa mzee mmoja mwenye gobore la kibali. Tukasimamisha ubao upana wa mlango. Mwalimu akapima umbali mwenyewe kwa kamba ya katani yenye mafundo. Mzee akamimina baruti, akashindilia tambara kwa mdeki, akatia goroli, tambara tena, kisha akapachika fataki, kile kikombe kidogo kinacholipuka kikigongwa. Mwalimu alikuwa anatazama saa: kuanzia baruti hadi mshindo, dakika moja na zaidi. Moshi ukatanda mbele yetu, mweupe, mzito, unanuka mayai viza. Kwa hatua hamsini ubao ulitoboka. Kwa hatua mia mzee alipiga mara tano na ubao ukabaki mzima.

Makala yake iliyofuata ilianza na maneno haya: "Wasomaji wangu, niliwadanganya." Hakumsingizia mchapaji wala mtu aliyemsimulia. Nimesoma waandishi wengi wa mambo ya bunduki, na sijaona mwingine aliyejisahihisha waziwazi namna ile.

Jambo alilotufundisha, na ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote aliyoandika, ni jibu la swali moja: kwa nini gobore limedumu kwetu muda mrefu hivi? Tumezoea kusikia kwamba watu wetu hawakujua silaha nyingine. Mwalimu alikataa. Alituonyesha kwamba katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kubwa la bunduki, na kwamba mwaka 1888 balozi wa Uingereza kisiwani aliripoti kuwa zinazoingia kwa mwaka ni kati ya 80,000 na 100,000. Misafara ilizipandisha hadi Tabora, Ujiji na ng'ambo ya ziwa, Manyema. Tippu Tip mwenyewe alisimulia kwamba jina lake lilitokana na mlio wa bunduki zake. Na katika shehena hizo zilikuwemo pia bunduki za kisasa, za kujaziwa risasi kwa nyuma.

Halafu, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yakatia saini mkataba wa Brussels. Mkataba huo ulisifiwa kwa kupiga vita biashara ya watumwa, na ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha. Kuanzia latitudo 20 kaskazini mpaka 22 kusini, bunduki za kisasa na risasi zake zikapigwa marufuku isipokuwa kwa kibali cha watawala. Kilichoruhusiwa kuuzwa kwa wenyeji, tena kwa masharti, ni bunduki ya gumegume, ile ya kuwashwa kwa cheche ya jiwe, isiyo na mifuo ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida. Mwalimu alinisomea kifungu hicho usiku, kibatari katikati yetu, kidole kikipita juu ya kila neno. Akafunga daftari. "Umeona? Hatukubaki nyuma. Tuliwekwa nyuma, kwa kalamu."

Nawaomba mkumbuke hilo kila mnapopita Lugalo, pale kwenye mnara wa Wajerumani. Tarehe 17 Agosti 1891, mwaka mmoja tu baada ya saini zile, majeshi ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, yalimwotea Zelewski, kamanda wa Wajerumani, yule waliyemwita Nyundo. Askari wake wengi hawakuwahi kufyatua zaidi ya risasi moja au mbili. Mikuki ilikuwa imeshafika. Wahehe wakateka bunduki takribani 300. Watu hupenda kuishia hapo, na mimi pia nilikuwa hivyo. Mwalimu alikuwa anauliza: na risasi? Zingenunuliwa duka gani, chini ya mkataba ule? Bunduki iliyoishiwa risasi ni rungu ghali. Oktoba 1894 Kalenga, ngome ya Mkwawa, ikaanguka mikononi mwa Wajerumani.

Kuhusu vita vya Majimaji ndipo nilipomwona akilia. Alikuwa haruhusu mtu kuwacheka wapiganaji wa mwaka 1905 kwa kuamini maji. Aliniambia, fanya hesabu ya Kilolo: gobore ni mshindo mmoja kwa dakika, na bombomu la Mjerumani, ile bunduki ya rashasha, ni risasi mia tano na zaidi kwa dakika hiyo hiyo. Sasa mwambie baba mwenye watoto, anayechapwa viboko kwenye shamba la pamba, aende Mahenge akasimame mbele ya boma la Mjerumani. Ataendaje bila kitu cha kumtia moyo? Aliyasema haya akiwa ameshika kikombe cha chai, na chai ikapoa mkononi.

Mliokaa naye mnakumbuka pia desturi yake. Ukimpa bunduki, hata kama umeifungua mbele ya macho yake, naye ataifungua, atachungulia, atatia kidole. Wapo waliokereka. Sababu yake aliniambia mara moja tu, na jioni hii nadhani ataniwia radhi. Akiwa na miaka tisa, yeye na rafiki yake walicheza na gobore lililotundikwa ukutani, gobore ambalo nyumba nzima ilijua ni tupu. Rafiki yake hakuvuka siku ile. Mwalimu aliandika juu ya silaha maisha yake yote, na hakuna hata mstari mmoja ambamo aliishangilia bunduki.

Nimalizie na kazi aliyoiacha, maana ndiyo iliyonileta. Miaka yake ya mwisho alikuwa anakusanya maneno. Alifurahi kama mtoto kwamba lugha yetu imehifadhi historia nzima ya kuwasha baruti: kwanza bunduki ya mrao, inayowashwa kwa utambi, kisha ya gumegume, inayowashwa kwa cheche ya jiwe, kisha ya fataki. Alikuwa nayo kasiba, ndio mtutu, mdeki, kifa, ndipo panapotiwa baruti ya kuwashia, tako, marisau. Alikwenda hadi Kilwa na Bagamoyo, akawakalisha wazee barazani, akawachorea picha mchangani kwa kijiti.

Daftari lake ninalo hapa. Ukurasa wa mwisho kuna mchoro wa gumegume, safi kabisa, kila sehemu ina mshale na jina lake. Mshale mmoja hauna jina. Unaelekea kile kibati cha chuma kilichosimama juu ya kifa, kinachopigwa na jiwe ili cheche ziangukie baruti. Pembeni ameandika kwa penseli: "Waulize wa Lindi."

Kama humu ndani kuna mzee au mama aliyewahi kusikia kibati hicho kikiitwa jina, nitakuwa pale mlangoni na penseli yake.