Shaba kwenye Mkono wa Mfalme

Wazazi, vijana, walimu wa maigizo, karibuni. Habari za M'siri, mfalme wa watu wa Bayeke hapa Katanga, na mji wake mkuu Bunkeya sitazirudia, kila mtoto wa Lubumbashi anazijua. Tuongee vazi.

Kila tunapoandaa onyesho la historia hapa mtaani ninalia na jambo lile lile, na leo nalia tena: bangili za mfalme zinakatwa kwenye katoni, kisha zinapakwa rangi ya dhahabu. Dhahabu! Utajiri wa Bunkeya ulikuwa shaba, pembe za ndovu, chumvi, na watumwa pia, tusifiche. Sisi tunaoishi juu ya shaba ndio tunaomvua mfalme shaba yake?

Wahunzi wa Bayeke waliivuta shaba kwenye tundu la bamba la chuma, kisha tundu dogo zaidi, na dogo tena, mpaka ikawa waya mwembamba kama unywele. Ikikakamaa, inarudishwa motoni. Waya huo ulizungushwa juu ya nyuzi, duru kwa duru, ukawa bangili inayopinda vizuri mkononi. Hatua hiyo ya mwisho tunaiweza. Chukueni waya wa mota iliyoungua, utieni kwenye makala ya moto mpaka uwe mwekundu, nje lakini, maana vanishi yake inatoa moshi mbaya. Zamisheni majini: unalegea. Sugueni kwa msasa, mzungushe juu ya kamba ya katani, mkibana sana.

Najua kuna atakayesema, "Papa, ni mchezo wa mtaa tu, aliyekaa nyuma haoni." Anayevaa anaona! Kijana mwenye uzito wa shaba mikononi hatembei kama aliyevaa katoni. Akiinua mkono, bangili zinagongana na uwanja unasikia. Mwingine atasema waya ni ghali. Nendeni kwa mafundi wa mota, wana mabaki. Ila waya unaokatwa usiku kwenye nguzo za mtaa, huo sitaki kuuona katika vazi lolote. Afadhali mfalme asimame mikono mitupu.

Kitambaa, haraka: acheni kitenge cha waksi chenye maua. Tafuteni merikani isiyopaushwa au kaniki. Vitambaa vya namna hiyo vilikuja na misafara ya biashara kutoka pwani. Duara jeupe la kombe la bahari, ile alama ya ufalme, chongeni kwenye mfupa wa ng'ombe. Mavazi ya wake wa mfalme yanataka siku yake.

Wenye koleo waje mezani, makala yameshashika moto.