Biti 26 za Katikati

Sogeeni mbele vijana, mchoro wa ubaoni ni mdogo.

Tuchukue basi linalotoka Mwanga kwenda Same, milima ya Upare ikiwa mkono wa kushoto. Abiria anaongea na simu ya GSM, mtandao wa simu za mkononi wa kizazi cha pili (2G). Wimbi la mnara linamfikia mara mbili: moja limekuja moja kwa moja, jingine limegonga mlima kwanza. Njia ya pili ikizidi ya kwanza kwa kilomita 4, mwangwi unachelewa maikrosekunde 13 na ushee. Biti moja ya GSM, yaani sifuri au moja, inachukua maikrosekunde 3.69 tu. Hivyo mwangwi wa biti ya kwanza unaziangukia ya nne na ya tano. Ukiongeza nguvu ya mnara hujafanya kitu, kwa sababu mwangwi nao unapanda.

Dawa yake, na kwangu mimi hapa ndipo penye uzuri wote wa GSM, ni kutuma kitu ambacho simu inakijua tayari. Biti hutumwa kwa mafungu. Kila fungu lina biti 148, na katikati yake zimewekwa 26 zisizobeba neno lolote la abiria. Mwalimu wa madrasa aliyeihifadhi sura anasikia papo hapo herufi iliyokosewa. Simu nayo inalinganisha ilichopokea na inachokijua, na tofauti yake inaieleza mwangwi uko wapi na una nguvu kiasi gani.

Kwa nini katikati? Basi likienda kilomita 100 kwa saa, katika fungu moja linasogea kama sentimita 1.5. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33, kwa hiyo hali haijabadilika sana, na ukipima katikati, kingo zote mbili ziko karibu na kipimo. Lakini fungu lifuatalo la simu hiyo linakuja baada ya milisekunde 4.6. Basi limeshakwenda sentimita 13. Kipimo cha zamani hakifai tena, simu inajifunza upya.

Kanuni ya kujifunza taratibu, LMS (least mean squares), waliitoa Widrow na Hoff, Stanford, mwaka 1960: kosa zidisha kwa ingizo, zidisha kwa hatua ndogo, rekebisha namba za kichujio, yaani hesabu inayouondoa mwangwi. Hatua kubwa inawahi lakini inatetemeka. Ndogo inatulia lakini inachelewa. Naona wengi wenu mnachagua ndogo mno ili grafu ipendeze. Kwenye basi hilo, kichujio chenu kitakuwa kinasahihisha mwangwi wa jana.

Na kuna shimo jingine. Mwangwi ukikaribia kulingana nguvu na wimbi lenyewe, kuna masafa (frikwensi) ambayo mawimbi hayo mawili yanauana kabisa. Ikwalaiza ya kawaida, yaani kichujio cha kuufuta mwangwi, itajitahidi kuyapandisha, na humo haitakuta ishara, itapandisha kelele. Ndiyo maana simu nyingi za GSM hazikujaribu kuufuta mwangwi. Ziliupima kwa zile biti 26, kisha zikatumia kanuni ya mhandisi Andrew Viterbi ya mwaka 1967 kutafuta ni mfuatano gani wa biti, ukipita kwenye mwangwi huohuo, ungefanana zaidi na kilichopokelewa.