Dirisha la Kuchagua Safu Lisipokee Kila Safu

Ndugu zangu, mliokwisha kunisikia mnajua ninakoelekea, na leo sibadilishi njia. Skripti (maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta iyafuate) ya JMP, programu ya uchambuzi wa takwimu, inapofungua dirisha la kuchagua safu, hapo ndipo uchambuzi unapopona au unapoharibika. Wengi wetu hulimaliza dirisha hilo harakaharaka, tukakimbilia grafu.

Chukueni jedwali lenye safu ya kituo cha afya, na vituo vimeandikwa 1 hadi 6. JMP ikikuta namba tupu kwenye safu huihesabu kuwa kipimo, sawa na uzito au joto. Itajuaje kwamba 6 ni jina tu la kituo? Mtumiaji anaweka uzito wa mtoto kwenye Y (kinachoelezwa), kituo kwenye X (kinachoeleza), anabofya OK. Sasa, Fit Y by X, sehemu ya JMP inayotazama uhusiano wa Y na X, huamua uchambuzi kwa kutazama aina ya safu. X ikiwa makundi, hulinganisha kundi na kundi. X ikiwa kipimo, hutawanya nukta, na skripti yako ikiomba mstari, mstari unachorwa. Mtu anasomewa kwamba kila namba ya kituo ikipanda kwa 1, uzito wa mtoto unaongezeka kiasi fulani! Hakuna onyo lolote. Thamani ya p, ile namba watu wanayoitumia kuamua kama tokeo lina uzito, imekaa pale, na kesho iko kwenye ripoti.

Kinga yake ni fupi mno, ndiyo maana nakasirika. Ndani ya Column Dialog, yaani amri inayofungua dirisha hilo, kwenye ColList ya X (kisanduku kinachopokea safu za X), andika Modeling Type na utaje aina unazozikubali. Safu isiyo ya aina hizo haipokelewi. Wengine huandika Data Type ya namba wakadhani wamemaliza. Jamani, 1 hadi 6 si namba? Data Type inauliza kilichoandikwa ni namba au herufi. Modeling Type inauliza namba hiyo itumikeje. Ni maswali mawili tofauti.

Mtaniambia watumiaji wenu ni wataalamu, data yao wanaijua. Sikatai. Lakini mpe mtaalamu orodha ndefu ya safu zenye majina yanayofanana, jioni, ripoti inadaiwa, uone kama hatabofya ya jirani.

Muda unanibana, haya mengine nayapitia mbiombio. Column Dialog huonyesha safu za jedwali lililo mbele wakati huo. Yakiwa wazi mawili, anza kwa Current Data Table, utaje jedwali lako. MinCol na MaxCol, yaani idadi ya chini na ya juu ya safu zinazopokelewa, msiziache. Na kabla ya kugusa majibu, tazama kitufe: Button(1) ni OK, Button(-1) mtu ameghairi. Ameghairi, skripti isimame hapohapo.

Habari za Col List Box, kisanduku cha orodha ya safu, kwenye dirisha la kujitengenezea tutazifanya kwa vitendo. Fungueni kompyuta.