Maji Yapewe Njia Kabla ya Masika
Mhadhara kwa wenyeviti wa vitongoji na wakazi wa kando ya barabara, Newala

Shikamooni wazee wangu. Asalaam aleikum, na habari za mchana kwa nyote mliofika.

Sisi wa Newala tunaishi ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Anayebisha aende Shimo la Mungu, asimame pale atazame chini. Barabara ya kushuka kwenda Masasi haina budi kuukata ukingo huu wa Makonde, na mteremko ukishakatwa, udongo wa juu umepoteza sehemu ya kile ulichokuwa umekiegemea. Tangu siku hiyo unahitaji watu wa kuuangalia.

Udongo wetu mwingi ni wa kichanga, hunywa maji haraka. Huko chini maji yakikutana na tabaka la mfinyanzi hukwama, yakajaa. Udongo unakuwa mzito, na maji yaliyo ndani yake yanazisukuma chembe zisishikane tena. Hapo ndipo kipande kizima kinapoteleza. Ndiyo maana poromoko linaweza kushuka mvua imeshakatika na jua linawaka, watu wamekwisha sema hatari imepita. Msiondoe macho kwa sababu mawingu yametawanyika.

Nchi hii imeshaonja machungu hayo. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliishukia Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Mei 2024, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi huko Kilwa, Somanga na kwingineko, na watu wa Kusini wakakosa njia hiyo ya kwenda Dar es Salaam. Pale Kilwa ni mafuriko yaliyobomoa tuta na makaravati, si mlima ulioporomoka, lakini mwenye kosa ni yuleyule: maji yasiyo na njia ya kutosha. Maji hufuata mkondo, na ukiuziba yanajichimbia mwingine, pengine chini ya barabara, pengine chini ya nyumba.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na naomba mnisikilize vizuri: kazi ya kuzuia poromoko hufanyika juu ya mteremko, mwezi wa Oktoba, kwa jembe na panga. Greda la Aprili huja kuzoa kifusi tu. TANROADS wana barabara kuu, TARURA wana barabara za wilaya, na wote wana wajibu wao. Lakini mtaro wa juu, ule unaoyapokea maji ya mashamba kabla hayajafika kwenye mkato, yaani pale barabara ilipoukata mteremko, mara nyingi uko katikati ya mikorosho yenu. Mhandisi hapiti pale kila wiki. Ninyi mnapita kila siku.

Tena mnaona mengi. Ufa unaofuata ukingo kwa juu. Mti uliokuwa wima sasa umeinama. Chemchemi iliyokuwa safi ikatoa tope, au maji yakatokea pasipokuwa na maji. Mlango wa nyumba ukaanza kukaza bila sababu. Ukiona ufa, pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande, upime kwa kamba na uandike tarehe. Kisha uzibe ufa kwa mfinyanzi ili mvua isiingie. Umbali kati ya vigingi ukiongezeka, mwenyekiti apigiwe simu siku hiyohiyo, na wanaolala chini ya mteremko ule wasilale pale usiku huo.

Sasa la uchimbaji. Nalisema kwa uchungu, maana najua vijana wanatafuta riziki. Kuchimba mchanga na kifusi kwenye mguu wa mkato ni kuuondolea mlima nguzo yake. Mchanga upo mabondeni, serikali ya kijiji iwaonyeshe vijana mahali halali pa kuchimba. Kukataza bila kuonyesha hakutasaidia kitu. Na ile hifadhi ya barabara isiendelee kuchomwa moto kila kiangazi. Majani na mizizi ndiyo inayoushika udongo wa juu.

Likishaporomoka, msikimbilie na makoleo. Poromoko la pili hufuata mara nyingi, na ukizoa kifusi cha chini unaliita lingine. Kwanza simamisheni magari pande zote mbili, mbali. Wekeni matawi ya miti barabarani, kila dereva anajua maana yake, na usiku wawepo watu wenye tochi. Bodaboda wazuiwe pia, maana wao ndio hujaribu kupenya.

Mama zangu mnaouza korosho na matunda pale kwenye mkato, naomba meza zihame kabla ya Novemba. Wenyeviti wawatafutie mahali tambarare ambapo basi bado litasimama.

Na kabla hatujatawanyika leo, kila kitongoji kitoe watu wawili, mmoja awe mama, wa kuutembelea mteremko wao kila baada ya mvua kubwa. Majina yaandikwe kwenye daftari la kijiji, na namba zao wapewe mafundi wa barabara. Mwenyekiti, tuanze na kitongoji kilicho karibu zaidi na mteremko.